Yai la Saba

Nalizaliwa na kukulia chini ya Mlima Rungwe, mahali ambapo mvua haina subira. Watu wa nchi nyingine huhesabu miezi ya mvua. Sisi huhesabu miezi michache isiyo na mvua, na hata hiyo twaitilia shaka. Mlima wenyewe wafikia karibu meta 2,960 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni baridi yake hushuka usiku pamoja na ukungu, ikaingia katika migomba na mashamba ya chai, ikapenya katika nyufa za nyumba. Kwa sababu hiyo kuku wetu hawakulala nje. Walilala jikoni, katika kibanda cha mianzi kilichokandikwa udongo, na yule mwenye kuatamia alipewa pembe yake mwenyewe, ndani ya kapu kuukuu lililotandikwa majani makavu ya mgomba.

Habari nitakayoisimulia ni ya mwaka 1983, nami nalikuwa darasa la tano. Mimi na ndugu yangu mdogo wa kike twalikaa kwa bibi yetu, mama yake baba, maana wazazi wetu walikuwa kazini Mbeya. Mwaka ule haukuwa mwema kwa kuku. Kabla ya Pasaka ugonjwa wa kideri ulipita kijijini, na kila asubuhi twalikuta wengine wamelala chini, shingo zimepinda. Katika kuku kumi na wanane wa bibi alisalia tetea mmoja tu, mwekundu, wa aina ile iitwayo kishingo, yaani asiye na manyoya shingoni. Hakuwa mzuri wa kutazama. Lakini aliishi, na huo ulikuwa uzuri wa kututosha.

Mwisho wa Mei tetea huyo akaanza kuatamia. Bibi alimchagulia mayai kumi na moja, akiyainua moja moja kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake: vifaranga watakaoanguliwa mwezi wa Juni watakuwa wakubwa ifikapo Januari, na wanne wakiuzwa katika soko la Tukuyu, fedha yake itanunua sketi na sweta ya ndugu yangu, maana mwezi huo ndipo alipotazamiwa kuanza darasa la kwanza. Mtoto wa Rungwe asiye na sweta hujifunza kutetemeka kabla ya kujifunza kusoma. Ndugu yangu alilijua jambo hilo vizuri. Kila jioni alikwenda kumwamkia yule kuku kwa adabu kama amwamkiavyo mtu mzima.

Desturi ya bibi ilikuwa kuyatia mayai alama ya mkaa, ili kama kuku mwingine atakuja kutaga katika kiota kile, yai lake lijulikane na kuondolewa. Mimi, kwa kuwa nalijiona msomi, nalichukua kalamu yangu ya risasi nikaandika juu ya kila yai tarakimu, tangu 1 hata 11. Bibi akacheka sana.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo alivyoniita, kama mabibi wengi wawaitavyo wajukuu wao, “je, kuku naye ajua kusoma?”

Siku zenyewe alizihesabu kwa ugwe wa mgomba uliotundikwa ukutani. Kila jioni alifunga fundo moja. Nikamwuliza, “Bibi, kwa nini mafundo ishirini na moja? Kwa nini si ishirini, wala thelathini?”

Akanijibu, “Aliyemwambia kuku hakuniambia mimi.”

Ugwe ulipokuwa na mafundo kumi na manane, ikaja habari ya msiba kutoka upande wa Masoko, huko chini penye joto, karibu na lile ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano ya kale. Aliyefariki alikuwa jamaa wa karibu, na kwetu mtu hakosi msiba wa jamaa yake. Bibi akaondoka alfajiri kwa miguu. Shangazi yetu, aliyekaa ng’ambo ya kijito, angekuja kulala nasi kila usiku. Kabla ya kutoka, bibi alisimama mlangoni na kikapu chake kichwani, akanipa maagizo.

“Mpe kuku maji na mahindi. Funga mlango, kicheche asiingie. Mengine kuku ayajua.”

Maagizo yalikuwa mafupi, nami naliyasikia yote.

Usiku wa siku ya ishirini ndugu yangu alikuja mbio kuniita. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na kapu, sikio lake limeegemezwa, na kuku amemvumilia. “Kaka,” akasema, “mayai yanasema.” Nikainama, nikasikia sauti ndogo sana, kama ya mtu aitaye kutoka chini ya kisima, na kuku naye akaitikia kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa. Kifaranga huanza kulia angali ndani ya ganda, na mama yake humjibu. Wakati ule sikuijua habari hiyo kwa kusoma, naliisikia kwa masikio yangu, na nywele zikanisimama.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja, mayai manne yalikuwa yamepata ufa mdogo wenye umbo la nyota, karibu na upande ulio butu. La tatu na la tisa yalikwenda upesi, na kabla ya saa sita mchana vifaranga wawili walikuwa wamekwisha kutoka, wamelowa na wabaya, kisha wakakauka na kuwa wazuri. La nne lilikuwa na tundu dogo. Na la saba lilikuwa na tundu kubwa kidogo, hata naliweza kuona mdomo wa kifaranga ukifunguka na kufungwa, na juu ya ncha yake kile kijino cheupe ambacho kwacho hulitoboa ganda.

Ikapita saa saba, ikapita saa tisa. Kifaranga wa yai la saba alipumua tu. Wakati mwingine alilia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amekufa, kisha akapumua tena. Ufa haukuongezeka hata kwa upana wa ukucha. Ndugu yangu alikuwa akihesabu kwa vidole vyake vifaranga wa sketi na vifaranga wa sweta, naye hakuweza kustahimili.

“Kaka, anakufa. Msaidie.”

“Bibi alisema kuku ajua.”

“Lakini kuku anamtazama tu!”

Na kweli, kuku hakufanya neno. Aliketi, macho nusu yamefumba, akalitikisa yai mara moja chini ya kifua chake, basi. Nalimwona kuwa mama mgumu wa moyo. Kwa kusema kweli, haikuwa huruma peke yake iliyonisukuma. Nalitaka pia bibi atakaporudi nimwambie, “Huyu angalikufa, nami nalimwokoa.”

Jua lilipokuwa linatua, na shangazi hajafika, naliyatoa mayai mawili, la saba na la nne, nikayapeleka karibu na mafiga nipate mwanga na joto. La nne nikaliweka juu ya majivu ya moto, lingojee zamu yake. La saba nikalishika kwa mkono wa kushoto, na kwa ukucha nikaanza kubandua ganda.

Vipande vya kwanza vilitoka vyepesi kabisa. Nalifurahi. Chini yake kulikuwa na utando mweupe kama karatasi, nao nikaurarua kidogo. Kisha nikaona uzi mwekundu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, umepita ndani ya utando. Sikuelewa ni kitu gani. Nikavuta. Tone la damu likatoka, likafuatwa na jingine, na kifaranga akapiga kelele ambayo mpaka leo naweza kuitambua.

Hapo ningalipaswa kuacha. Lakini nalifikiri kwamba kwa kuwa nimekwisha kumwumiza, lililobaki ni kumaliza upesi, nikazidi kubandua, na damu ikazidi. Hata alipotoka wote, nikaona kwamba tumbo lake halijafungika. Palikuwa na kifuko cha kimanjano kinachoning’inia kitovuni, kikubwa kama punje ya hindi, laini, chenye mishipa. Alilala juu ya kiganja changu, mzito kuliko nilivyodhani, akafungua jicho moja. Ndugu yangu hakulia. Alitazama tu kile kifuko, akaniuliza, “Hicho ni nini?” Nami sikuwa na jibu.

Nalimrudisha chini ya kuku. Kabla ya jogoo wa jirani kuwika, alikuwa amekufa.

Swali lile la ndugu yangu nalikaa nalo miaka mingi, hata nilipokuwa mtu mzima nikapata vitabu vya kunieleza. Sasa nitawaeleza ninyi, wanafunzi, kwa sababu nadhani wengi wenu mmewahi kusimama mbele ya kapu kama lile.

Kifaranga akiwa ndani ya yai hapumui kwa mapafu. Mishipa ya damu yake imetandazwa katika utando ulioambatana na ganda, nayo hupokea hewa inayopenya katika vitundu vidogo vidogo vya ganda, visivyoonekana kwa macho. Maana yake ni kwamba sehemu ya damu yake iko nje ya mwili wake, ukutani mwa nyumba yake. Na chakula chake, yaani kiini cha manjano, nacho kiko nje ya tumbo, kimeunganishwa naye kwa kitovu. Karibu na siku ya kumi na tisa hutoboa utando wa ndani kwa mdomo, akaingiza kichwa katika ile nafasi ya hewa iliyo upande butu wa yai, na hapo ndipo anapovuta pumzi yake ya kwanza. Baadaye hulitoboa ganda. Kisha hupumzika, wakati mwingine saa kumi na mbili, wakati mwingine siku nzima.

Mapumziko hayo ndiyo niliyoyaona mimi kuwa ni kushindwa. Kumbe wakati ule kifaranga yumo katika kuhama. Mapafu yanajifunza kazi, na kadiri yanavyojifunza, damu iliyokuwa katika utando inarudi mwilini kidogo kidogo, na mishipa inakauka nyuma yake. Kiini cha manjano kinaingizwa tumboni, kisha kitovu kinajifunga. Yote yakiisha, ndipo anapoanza kuzunguka ndani ya ganda, akilikata pande zote kama mtu afunguaye mfuniko wa kopo, na kazi hiyo aghalabu haichukui muda mrefu. Kiini kile alichokiingiza humtosha kuishi siku mbili tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo sababu leo wafanya biashara huweza kuweka vifaranga wa siku moja katika maboksi na kuwasafirisha kwa basi kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilometa 800, nao hufika wazima. Kila mmoja amechukua posho yake tumboni.

Wako watu wasemao kwamba kifaranga hasaidiwi kwa sababu taabu ya kutoka humpa nguvu. Nimelisikia neno hili likisemwa na watu wenye busara. Sikatai kwamba shingo yake yapata kazi. Lakini sivyo nilivyoona mimi. Kifaranga wangu hakufa kwa kukosa taabu. Alikufa kwa kutokwa na damu, kwa sababu naliufungua mlango kabla hajamaliza kufunga mizigo yake.

Mgiriki mmoja wa kale, Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika mambo yaonekanayo mayai yakifunguliwa siku baada ya siku: kwamba siku ya tatu moyo huonekana kama doa la damu, nalo lapiga. Afanyaye hivyo hujua kwamba kila yai analolifungua limekwisha kupotea. Mimi nalifungua nikidhani naokoa.

Narudi sasa jikoni. Asubuhi ile nalimzika kifaranga chini ya mgomba. Maganda ya yai nikayafukia katika majivu. Nikamwambia ndugu yangu, “Bibi akiuliza, kicheche alikuja.” Hakujibu. Alikwenda kukaa na kuku.

Mayai mengine yalikuwa yanapasuka bila mtu kuyagusa, la pili, la tano, la sita, la nane, la kumi na moja, kana kwamba yananisuta. Hata saa nane mchana kulikuwa na vifaranga saba. La kwanza na la kumi yalikuwa kimya, nayo yalionekana baadaye kuwa maviza. Lakini la nne, lile nililoliacha juu ya majivu usiku uliopita, halikuwa kimya wala halikuendelea. Tundu lake lilikuwa pale pale tangu asubuhi ya jana, na sauti ndani yake ilikuwa imepungua kabisa.

Bibi akarudi saa tisa, mavumbi yamemjaa miguuni. Tukamwamkia, akaitikia, akanywa maji, kisha akaenda moja kwa moja jikoni. Akainua bawa la kuku akahesabu.

“Saba na matatu ni kumi,” akasema. “Na mmoja?”

“Kicheche, bibi.”

Hakusema neno. Alikuwa na baridi, akachukua kijiti kuchochea majivu apate kaa la moto, na kijiti kikatupa mbele ya miguu yake kipande cha ganda. Akakiokota. Tarakimu yangu ilikuwa imefifia kidogo, walakini yasomeka. Bibi hakujua kusoma barua, lakini tarakimu za sokoni alizijua.

“Mume wangu,” akasema, “kicheche huyu atumia moto?”

Nalimweleza yote, nikitazama chini. Nalingojea fimbo. Aliniuliza neno moja tu: “Damu ilitoka?”

“Ndiyo, bibi.”

“Basi hakuwa tayari.” Akakitia kile kipande cha ganda motoni. Baada ya kitambo akaongeza, “La damu ulifanya kwa kutojua. La kicheche ulilijua.” Hilo hakulirudia tena mpaka alipofariki, nami hakuna siku nililolisahau.

Kisha akalitoa yai la nne. Nalisahau haya yangu nikapaza sauti, “Bibi, tusiliguse!” Maana sasa nalikuwa nimejifunza, na kama wote waliojifunza jana, nalijua sana.

“Huyu ni mwingine,” akanijibu, akaniita mlangoni penye mwanga. “Tazama. Tundu hili la tangu lini?”

“Tangu jana asubuhi.”

“Na utando?”

Nikatazama. Haukuwa mweupe tena. Ulikuwa wa rangi ya ganda la kitunguu, mkavu, umeshikamana na manyoya ya kifaranga kama nguo iliyokaukia mwilini. Wala hapakuwa na uzi mwekundu popote. Joto la majivu yangu lilikuwa limeukausha, na kifaranga aliyekwisha kuwa tayari alikuwa amefungwa ndani, hawezi kugeuka.

Bibi akaagiza maji ya vuguvugu. Akachovya kitambaa laini, akaulowesha utando pembeni mwa tundu, akiangalia sana maji yasiingie puani mwa kifaranga. Akangoja. Akabandua kipande kimoja cha ganda, si kikubwa kuliko punje ya mchele, akatazama kama kuna wekundu. Hakuna. Akalowesha tena. Kila alipobandua vipande viwili vitatu alilirudisha yai chini ya kuku, nasi tukakaa kimya, naye akatueleza habari za msiba, ni nani aliyekuja na ni nani hakuja. Kazi ambayo mimi ningaliimaliza kwa dakika tano ilichukua mpaka jua kuzama. Na hata hapo hakuimaliza. Alilifungua yai nusu ya mzunguko wake tu, akalirudisha, akafuta mikono.

“Bibi, amebaki nusu,” nikasema.

“Nusu hiyo ni yake.”

Nalijilaza karibu na kapu, sikulala. Usiku wa manane nalisikia ganda likigonga ganda. Sikuinua bawa la kuku kutazama. Ndugu yangu ndiye aliyeinua, alfajiri, akahesabu kwa sauti, akafika nane.

Katika hao wanane mwewe alichukua mmoja, kwa mchana mweupe, mbele ya macho yetu. Mwezi wa Januari 1984 wanne walikwenda Tukuyu ndani ya tenga, nami nikalibeba. Sweta ilipatikana, ya buluu, kubwa mno kwa makusudi, ndugu yangu apate kukua ndani yake. Aliikunja mikono mara tatu, akaenda shule.

Kifaranga wa yai la nne alikuwa tetea. Kidole kimoja cha mguu wake wa kulia kilipinda tangu siku ya kwanza, na bibi alisema kuku wa namna hiyo hauziki. Lakini mimi nalikuwapo siku alipopita mtu mmoja akamtaka kwa bei nzuri, akasema kidole si kitu, na bibi akamjibu kwamba kuku huyo ana mwenyewe. Mvua zilipopungua alitaga mayai kumi na mawili, akaketi juu yake. Bibi akaniita jikoni, akaniambia nije na kalamu yangu ya risasi.